Nyekundu ya Ipogolo

Utomvu wa mti wa msindano ukiguswa na chuma cha moto hutoa moshi mweupe wenye harufu mbili kwa wakati mmoja: nusu ni msitu baada ya mvua, nusu ni kitu kinachoungua jikoni. Wiki iliyopita dawa ya kulehemu niliyoagiza Dar es Salaam iliniishia katikati ya kazi, hapa kwangu Ipogolo. Badala ya kusubiri basi, nikafungua kopo la utomvu ninaloliweka kwa dharura, nikapaka kidogo kwenye kiungo, nikagusa kwa chuma. Moshi ulipopanda puani nilikuwa Kilolo, nina miaka kumi na mitatu, nimepiga magoti kwenye sakafu ya udongo, na mama yangu amesimama nyuma yangu akikoleza mkaa.

Kazi yangu ni kutengeneza madirisha ya vioo vya rangi, yale ya vipande vidogo vilivyounganishwa kwa metali mpaka vikawa picha moja. Sikufundishwa chuoni. Nilijifunza mwenyewe, sehemu kubwa katika miaka niliyokaa Mbeya, kwa vitabu vya mitumba vyenye picha nyingi kuliko maneno niliyoweza kuyasoma. Wanaotaka kuanza kazi hii huja na swali lile lile: ninunue vifaa gani? Ninawajibu kwamba vya kuanzia si vingi. Kikata kioo kimoja kizuri, mafuta kidogo ya kulainisha kigurudumu chake, koleo la kuvunjia, jiwe la kunolea kingo, chuma cha kulehemu, risasi ya kuyeyushia kwenye viungo, dawa ya kulehemu, na ubao ulionyooka. Huwa naongeza miwani na kitambaa safi cha kufungia vidole, kwa kuwa vidole vitakatika.

Vifaa vyangu mwenyewe vya kwanza havikutoka dukani. Vilikuwa vya mama, na mama alikuwa fundi bati.

Najua wengine mtasita hapo. Hata Kilolo walisita. Babu, baba yake mama, alikuwa akitengeneza vibatari, ndoo na makandili ya vioo vinne, na hakujaliwa mtoto wa kiume. Kazi ikamwangukia binti yake wa tatu, ambaye alikuwa na subira ya kukaa na jiko la mkaa kutwa nzima. Wanaume waliokuja kuziba ndoo walikuwa wakimsalimu, "Kamwene," kisha wanauliza fundi yuko wapi. Mama alikuwa akijibu kwamba fundi ametoka kidogo, waache ndoo. Waliporudi jioni waliikuta imezibwa, na fundi bado ametoka.

Nilikuwa darasa la saba. Shule yetu ilikuwa na vyumba vinane vya matofali ya kuchoma, na dirisha la darasa letu lilikuwa na vioo sita, jambo lililotufanya tujione watu wa mjini. Ijumaa moja mwishoni mwa Mei tulipewa kazi ya kufyeka nyasi kuzunguka majengo. Nilikuwa hodari wa fyekeo na nilipenda ijulikane. Tuliambiwa tusifyeke kwa nguvu karibu na ukuta, tung'oe kwa mkono. Mimi nikafyeka, tena kwa kuzungusha mkono wote. Fyekeo likapiga jiwe dogo, jiwe likaruka, na kioo cha chini upande wa kushoto kikashuka chote kama maji.

Mwalimu Mkuu alitoka ofisini taratibu. Alikuwa mtu mwembamba ambaye hakupenda fimbo; aliamini zaidi katika kumfikirisha mtu.

"Vumilia," akasema, "kioo kinatoka wapi?"

"Iringa, Mwalimu."

"Na barabara ya kutoka Iringa unaijua?"

"Naijua, Mwalimu."

"Mara mbili tumeagiza kioo, mara mbili kimefika unga. Sasa nenda kamwambie mama yako kuna tundu shuleni, na kwamba wewe ndiye mwenye tundu."

Chini ya tundu hilo alikuwa akikaa Sabina. Alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza, msichana mfupi, mwenye maneno mengi na kifua kibovu. Baridi ikimpata alikohoa mpaka mabega yakapanda masikioni, na usiku mama yake alikuwa akimkalisha juu ya mito ili apate pumzi. Madawati yalikuwa yamepangwa kwa ajili ya mazoezi ya mtihani, mwanafunzi mmoja kila dawati, na hakuna aliyekubali kuhamia kwenye upepo. Mnaoijua baridi ya Kilolo inapokaribia Juni, ukungu unavyoingia chumbani kama mgeni asiyebisha hodi, mtaelewa kwa nini sikula vizuri jioni ile.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikaripia. Alisema, "Aliyevunja ndiye atakayeziba," kisha akaniambia nichukue ndoo nikaokote vipande vyote kabla mbuzi hawajavikanyaga.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Jumamosi asubuhi mama alitandaza karatasi ya mfuko wa saruji sakafuni, akaniambia nichore kwa mkaa ukubwa wa kioo kilichovunjika: rula moja na nusu kwenda juu, rula moja kwenda pembeni. Nikapanga vipande nilivyookota ndani ya mchoro. Havikufika nusu. Mapengo yaliyobaki tungeyaziba kwa chupa. Tulikuwa nazo nyuma ya nyumba: za kijani na za kahawia, chupa bapa za pombe kali ambazo baba aliziacha alipokwenda Chunya kutafuta dhahabu, na mbili za dawa za rangi ya bluu iliyokolea, ambazo bibi alizitunza bila kueleza sababu.

Chupa ya mviringo huikati kwa kikata kioo peke yake. Mama alinionyesha kufunga uzi uliolowekwa mafuta ya taa, kuuwasha, kuizungusha chupa polepole moto ukiambaa, kisha kuitumbukiza kwenye maji ya baridi. Chupa ililia mara moja, tik, ikaachana. Hapo ndipo alipotoa kikata kioo chake, kilichokaa daima ndani ya kopo lenye kitambaa na mafuta ya taa. Majirani walikiita almasi. Hakikuwa na almasi yoyote. Kilikuwa mpini wa mbao na kigurudumu cha chuma kisichozidi punje ya mtama.

"Mstari mmoja," alisema. "Ukishapita usirudie. Ukirudia unaua kioo na unaua kigurudumu."

Mstari ukipitishwa vizuri kioo hutoa sauti kama kitambaa kipya kinachochanwa. Ukikosea hakisemi kitu, au kinasema kwa kukwaruza. Nilipoteza chupa tatu kabla sijaisikia sauti hiyo. Baada ya mstari unagonga kwa chini, unashika kwa vidole gumba viwili, unakunja kana kwamba unavunja biskuti ya mtu mwingine, bila haraka. Kingo nilizisugua juu ya jiwe la mchanga lililolowa maji. Mama aliniamuru nivae miwani ya jua ya baba ili kulinda macho. Niliivaa, nikawa sioni mstari kabisa, nikakata kipande cha kahawia kwa umbo la kiazi. Aliniruhusu kuitelezesha hadi katikati ya pua, na kwa siku zote zilizofuata nilifanya kazi nikichungulia juu ya miwani kama karani wa mahakama.

Hadi Jumapili jioni nilikuwa na vipande ishirini na vitatu, kila kimoja kina namba ya mkaa. Mama alikuwa ameshakata utepe wa bati kutoka kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, nami nikajifunza kuukunja kwa koleo uwe mfereji mwembamba unaokumbatia ukingo wa kioo. Kazi ilibaki ya siku mbili. Nasema hivyo leo kwa uhakika, kwa sababu nimeshafanya hesabu ya kazi kama hiyo mara nyingi: siku mbili, tena kwa mtoto.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeunganisha vipande vichache kwa nta ya mshumaa, nikaviinua mlangoni, vikaingiwa na jua. Sakafu yetu ya udongo ikapata rangi. Sijawahi kusahau. Kijani kilikaa mguuni kwangu, na kahawia ikageuka kuwa kama asali. Kuanzia hapo sikuwa naziba tundu tena. Nilikuwa natengeneza kitu. Na kitu hicho, nikaamua, kinahitaji nyekundu katikati.

Nyekundu haipatikani kwenye chupa. Niliuliza nyumba zote. Jumatatu Sabina alikohoa tangu hesabu mpaka Kiswahili, akiwa amejifunika kitenge cha mama yake kichwani. Wakati wa mapumziko aliniuliza, "Dirisha lako linazaliwa lini? Au mimba ni ya tembo?"

"Bado nyekundu," nikamwambia.

"Mimi upepo haujaniambia unataka rangi gani."

Nilicheka. Jumanne mama alisema kwamba risasi iliyopo inatosha, nikitaka naweza kulehemu jioni ile. Nikamwomba tusubiri Jumamosi, siku yake ya kwenda Iringa, nipate nyekundu. Mama aliufukia mkaa kwa majivu.

"Upepo hausubiri Jumamosi," akasema.

"Siku nne tu, Mama."

Hakubisha. Alifunga kitenge, akasema anatoka mara moja, akaniachia sufuria ya maharage.

Jumatano dawati la Sabina lilikuwa tupu. Alhamisi pia, na Ijumaa. Watoto wa jirani yake walisema yuko ndani, hatoki. Ningeweza kwenda kumwona. Njia haikuwa ya zaidi ya nusu saa. Sikwenda. Niliogopa kuisikia ile pumzi yake. Badala yake, na hili nalieleza bila kujitetea, nilikuwa naamini kwamba dirisha likiwa zuri sana litalipa kuchelewa kwake. Usiku nilimwona kichwani mwangu akiwa juu ya mito, na asubuhi niliwaza nyekundu.

Jumamosi tulishuka Iringa juu ya lori lililobeba mbao. Mama alinunua risasi na chumvi. Wakati wa kurudi tulisubiri gari Ipogolo, chini ya mlima, mahali ambapo malori ya barabara kuu hupumzisha breki. Pembeni palikuwa na gereji, na nyuma ya gereji lundo la taa zilizovunjika. Nikaiona pale juu kabisa: taa ndogo ya pembeni ya lori, ya duara kama kifuniko cha kikombe, nyekundu, haina ufa.

"Shikamoo. Naomba hii," nikamwambia fundi aliyekuwa chini ya lori. Niliona miguu yake tu.

"Marahaba. Ya nini?"

"Dirisha la shule."

Miguu ikatulia. "Shule yenu inakwenda Zambia? Chukua, dada. Mwambie mwalimu asisahau na indiketa."

Ilikuwa nyepesi mkononi. Niliiona kuwa nyepesi, na nikajieleza kwamba kioo cha malori lazima kiwe cha aina yake. Mama aliipokea, akaipima kiganjani, akanirudishia.

"Nyepesi," alisema.

"Ni ya lori, Mama."

"Ukiona inafaa, weka."

Jumapili baada ya ibada tulilehemu. Chuma cha mama kilikuwa nondo yenye kipande cha shaba mwishoni, kikilala kwenye mkaa mpaka kiive. Alikijaribu kwa kukisogeza karibu na shavu. Mimi alinikataza, akaniambia nitumie tone la utomvu: likifuka moshi mweupe, anza. Ukiwa wa njano, subiri. Siku hizi nafungua madirisha yote na kunawa mikono kabla ya kula, kwa sababu risasi ni sumu. Wakati ule hatukujua, ila mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya moshi, na labda ndio ulituokoa.

Nilianzia pembeni nikielekea kati. Viungo vyangu vya kwanza vilivimba kama vidole vyenye baridi; vya mwisho vililala vizuri. Mama alisimama nyuma, akikoleza mkaa tu. Mchana wote vipande viliingia kimoja baada ya kingine kwa namba zake, mpaka lilipobaki duara la katikati. Nikavisha utepe wa bati kwenye ile nyekundu, nikapaka utomvu, nikaleta chuma.

Haikupasuka. Kioo kingepasuka. Ilikunja uso. Ukingo wake ulilainika, ukapiga povu, ukajivuta ndani kama konokono aliyewekewa chumvi, na nyumba ikajaa harufu ya kandambili iliyotupwa motoni. Nikaondoa chuma. Katikati ya dirisha langu palikuwa na kitu kama ulimi ulioungua.

Ilikuwa plastiki. Leo mtoto yeyote angejua. Mimi niliyekulia mahali ambapo lori lilipita kwa wiki mara mbili, nilijua kwamba taa zina vioo, na kinachong'aa nyekundu kwenye taa ni kioo. Nililia, na sikulilia taa. Nilikuwa nimempa Sabina siku nne za upepo kwa ajili ya kipande cha plastiki.

Mama alikibandua kwa koleo. Alikata duara la bati kutoka kwenye kopo, akaniwekea mbele.

"Hapo patakuwa peusi," nikamwambia.

"Palipo na bati hapavuji."

Nikalehemu bati. Jumatatu asubuhi tulilibeba dirisha kati yetu, limefungwa kwenye blanketi, tukitembea kwa mwendo wa watu wenye mgonjwa. Mama alilipigilia kwa vipande vyembamba vya mbao, mimi nikishika misumari mdomoni. Mwalimu Mkuu alikuja, mikono nyuma, akalitazama kwa ndani, akatoka, akalitazama kwa nje.

"Niliomba kioo kimoja," akasema. "Umeniletea ukoo mzima."

Kisha akaweka kiganja chake karibu na viungo, akakipitisha polepole kutoka juu hadi chini, akitafuta upepo. Hakuupata. Akatikisa kichwa kwa kukubali, na hiyo ndiyo sifa yote niliyopata.

Sabina alirudi Jumanne. Aliingia bila kitenge kichwani, akakaa mahali pake. Saa tatu jua lilipopanda juu ya misindano, kijani kilimwangukia kwenye daftari na bluu ya bibi kwenye shavu. Aliusogeza mkono wake ndani ya rangi, akautoa, akaurudisha. Darasa zima lilikuwa linamtazama. Waliokataa kuhamia pale sasa walikuwa wananyoosha shingo.

"Na hiki kidonda cha katikati?" akaninong'oneza.

"Nyekundu iliyeyuka."

"Afadhali. Tungesema ni jipu."

Nilimwuliza kifua kikoje. Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kuomba radhi, na yalikuwa marefu.

"Kifua kizima," alisema. "Mbona sikuwa naumwa? Jumanne ile mama yako alikuja nyumbani. Akamwambia mama," na hapo Sabina akaiga sauti ya mama yangu, ile ya chini isiyo na haraka, "'Mwacheni mtoto ndani mpaka tundu lizibwe. Huyu wangu atachelewa, namjua.' Nimekula viazi siku zote hizo nikisoma. Kila jioni mama yako analeta maswali ya hesabu kutoka kwa Mwalimu."

Sikumwomba radhi tena. Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa kwa mama. Jioni nilimkuta akiziba ndoo. Nikamwambia alijua Sabina yuko salama, akaniacha wiki nzima nikidhani nimemuua. Na plastiki alijua, maana aliipima. Mama aliigeuza ndoo, akamimina maji, akatazama kama inavuja.

"Ungeniamini?" akauliza.

Niliitazama ndoo; haikuvuja.

"Basi kaniletee kuni."

Tulifanya mtihani Septemba, mimi na Sabina, yeye chini ya dirisha lake. Wote tulifaulu, ingawa yeye alinishinda hesabu, na hajaacha kunikumbusha.

Ile hasira niliibeba miaka mingi kuliko ilivyostahili. Ilinitoka siku moja hapa kwenye karakana yangu. Nilikuwa na mwanafunzi, mama mtu mzima kutoka Mbeya, mwenye mikono mizuri na haraka kubwa. Alitaka dirisha lake la kwanza liwe na ua la vipande vidogo mno, na mteja alikuwa amelipangia chumba cha mtoto mchanga, ambacho kioo chake kilishatolewa. Niliona wazi kwamba ua lile litamvunjikia. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaona uso wake, nikaufunga. Alipoondoka kwenda kula nilichukua kioo cheupe cha kawaida, nikaenda mwenyewe kwa yule mteja, nikazibia chumba kwa muda. Nilirudi nikakaa nyuma ya mwanafunzi wangu na kumwashia taa vizuri.

Nikiwa nimekaa pale ndipo nilipoelewa kile ambacho mama alifanya alipofunga kitenge na kusema anatoka mara moja. Alimwondoa Sabina kwenye njia ya kosa langu. Kisha akaniachia kosa lenyewe, likiwa zima, nilimalize kwa mikono yangu.

Mama yuko hai, huko Kilolo, macho yake hayawezi tena kuona mstari wa kioo. Nilipokwenda kumjulia hali mwezi wa Pasaka nilimweleza habari hii yote, tangu fyekeo mpaka bati. Nilitaka kumshukuru, na niliyapanga maneno yangu kwa utaratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. Akasema dirisha hilo halikumbuki. Ametengeneza vitu vingi. Kisha akauliza kama Sabina bado anaishi kwenye baridi, na kama kuna mtu wa kumwangalia kile kifua.